Mgongo wa Mkwe

Felesta Nambaziira alimpenda mume wa binti yake kuliko alivyowapenda ndugu zake wa tumbo moja, na hakuwahi kumwona uso. Kwetu Buddu, kusini mwa Buganda, hilo si ajabu. Mkwe na mama mkwe hawatazamani wala hawagusani, na anayevunja mwiko huo mikono humtetemeka mpaka anaingia kaburini. Ndivyo wasemavyo. Mimi ni Mwislamu, babu yangu alikuja huku na misafara ya pembe, akaoa, akasahau kurudi, na nimewaona watu wakitetemeka kwa sababu nyingine nyingi, pombe ikiwa ya kwanza. Lakini mwiko ni mwiko, haungoji Abasi mchinjaji akubali.

Mkwe huyo aliitwa Firipo Ssegujja. Alikuwa mrefu, mwenye kicheko cha kuamsha kuku, akinunua kahawa kwa wakulima na kuipeleka Masaka kwa baiskeli. Kijiji chetu chote, Wakatoliki na Waprotestanti, hula nyama ya mkono wangu, na Jumamosi haikupita bila Ssegujja kusimama mbele ya gogo langu la kukatia nyama.

"Abasi, nikatie penye mafuta," angesema. "Mama mkwe wangu amekonda. Nataka anenepe, nimsikie akija kwa mbali nipate nafasi ya kukimbia."

Akifika ukingoni mwa migomba ya mama huyo alikohoa kwa nguvu. Felesta, kama yuko uani, aliinuka akaingia chumba cha nyuma. Ssegujja akaketi chumba cha mbele. Ukuta wa matete ukabaki kati yao. Hapo wangeongea mpaka jua linainama. Bei ya kahawa, homa za wajukuu, padri aliyesinzia katikati ya mahubiri yake mwenyewe. Nimewahi kuketi mkekani upande wa mkwe, nikawasikia wakichekeshana, nikaona wivu, maana mama yake mke wangu alinichukia bila ukuta wowote kati yetu.

"Sauti yake naijua kuliko ya marehemu mume wangu," Felesta aliniambia siku moja. "Uso nitaufanyia nini?"

Mapenzi hayo yalikuwa na mzizi. Benedikito, mumewe Felesta, alipofariki, ndugu zake walikuja kabla matanga hayajaanuliwa, wakataka mjane atoke shambani. Wazee wa ukoo wakaketi. Wakasema mwanamke hana neno mbele ya kikao, atafute mwanamume wa kumsemea. Felesta alikaa nje juani, akisikia jina lake linatajwa kama linavyotajwa la mbuzi aliyeingia shamba la mtu. Ssegujja alikuja na panga. Hakubishana na mtu. Alimpiga shemeji mkubwa wa Felesta shavuni kwa ubapa wake, meno yakamwagika, akamkamata wa pili akamburuta mpaka mpakani na kumtupa upande wa pili kama gunia. Tangu siku hiyo hakuna aliyeligusa shamba lile. Benedikito amelala humo humo, katikati ya migomba, chini ya mtuba, mti ambao gome lake hupondwa kwa nyundo likawa kitambaa chekundu cha kuzikia. Felesta alishatengenezewa chake kutoka mti huohuo, akakikunja na kukiweka darini, kingoje siku yake.

Kisha ukaja uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria, ule Waingereza walioutaka kabla ya kutuachia nchi. Kwetu Buganda neno likawa moja: usijiandikishe. Anayejiandikisha anaikubali serikali itakayomweka Kabaka, mfalme wetu, chini ya wanasiasa wa Entebbe. Watu waliambiana hivyo kisimani, kanisani na kwenye vibuyu vya pombe, na wengi waliamini kwa dhati. Ssegujja aliamini kuwapita wote. Picha ya Kabaka aliitundika sebuleni juu ya picha ya Bikira Maria, jambo ambalo padri alilisemea mpaka akachoka. Vijana wakamfanya kiongozi wao, kwa kuwa alikuwa na baiskeli, kifua, na habari ya lile panga ilijulikana.

Yaliyofuata yalikuwa unyama. Katekista aliyejiandikisha walimchomea nyumba mchana kweupe, mkewe akatoka mbio na mtoto kifuani, khanga inawaka. Mzee mmoja wa upande wa juu walimvunja taya kwa mchi, ng'ombe wake mwenye mimba wakamkata mishipa ya miguu ya nyuma, wakamwacha anajikokota akilia. Niliitwa mimi kummaliza. Nimechinja maisha yangu yote, na siku ile nilitapika. Nilimwendea Ssegujja nikamwambia kwamba Kabaka hana haja na ndama wa mtu. Akanijibu kuwa mimi mgeni, nisiingilie. Babu yangu amezikwa hapa, baba yangu amezikwa hapa, na mimi mgeni! Jumamosi ile nilimfungia mifupa mitupu.

Felesta naye akaenda kujiandikisha. Hakujificha, alivaa gomesi, gauni lake refu la Pasaka, akapita njia kuu, akamsalimu kila mtu. Wanawake wenzake walimkalisha kisimani wakamwambia asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Akawajibu kuwa guu lenyewe ni lake. Mimi alinieleza vizuri zaidi, siku alipokuja kununua maini.

"Yule karani aliniuliza jina langu," alisema. "Nikamwambia mimi ni mke wa Benedikito. Akasema, mama, sikuulizi mume, nakuuliza wewe. Abasi, tangu nizaliwe hakuna aliyeniuliza neno akangoja jibu. Baba alinisemea, mume alinisemea, na alipokufa hata mkwe ilibidi anisemee kwa panga. Sasa wameniuliza mimi. Nitaenda kuwajibu."

Nikamwuliza atampigia nani. Akasema hilo atalijua yeye na sanduku.

Ssegujja alikuja kwake siku ya kazi, mikono mitupu. Nilikuwa uani kwa Felesta nikimwangalia beberu ambaye mama huyo alitaka kumwuza, nikasikia yote. Hawakuanza na salamu za wajukuu.

"Mama, nenda ukafutwe daftarini."

"Sifutwi."

"Vijana wamejua. Siwezi kuwazuia."

"Wewe si ndiye unayewatuma? Anayetuma anashindwaje kuzuia?"

Kisha nikamsikia mkwe akiongea taratibu, kama mtu anayeomba. "Nikisema kwako pasiguswe, wataniuliza kwa nini kwingine paliguswa. Nitawajibu nini?"

"Hilo ungejiuliza kabla hujamkata ng'ombe wa watu."

"Basi nitakuja mwenyewe, mama. Kuliko waje wengine."

"Njoo," Felesta alisema. "Ila siku hiyo usikohoe."

Ssegujja alitoka akanipita bila kuniona. Beberu sikumnunua.

Wiki ya mwisho kabla ya kura, asubuhi mapema, ngoma ya kazi za kijiji ililia, ile inayotutoa sote kwenda kufyeka barabara. Ngoma ile haiulizwi. Wanaume wakatoka na mapanga na majembe, nami nikiwamo, tukamkuta Ssegujja njia panda. Barabara ilikuwa imefyekwa, safi kama uwanja wa kanisa. Ndipo nilipoelewa. Ssegujja akageuka, akaongoza njia ya kwa Felesta. Baadhi yetu tulisimama, tukasema hii si kazi ya kijiji. Kijana mmoja mchoma matofali, Ntambi, akaniwekea ncha ya panga kwenye koo na kuniuliza kama najua nyama ya mchinjaji inauzwaje. Tukawafuata hivyo hivyo, tunapiga kelele, hakuna anayetusikiliza.

Ssegujja hakukohoa.

Mgomba ni kitu laini. Panga moja tu, unalala na mkungu wake, maji yanabubujika. Walikata huku wakiimba. Matoke machanga yakasagwa chini ya miguu, utomvu ukawatapakaa vifuani ukageuka mweusi. Mbwa wa Felesta alitoka akibweka, wakamgawa vipande viwili. Kibarua wake, Mnyarwanda aliyeitwa Sebahire, alisimama mbele ya jiko ameshika jembe, peke yake, wala hakuwa Mganda wala mpiga kura. Ntambi alimpiga uso mzima kwa mgongo wa panga. Nililisikia lile fupa likipasuka. Alianguka juu ya mikungu, na jicho lake moja halikuona tena. Kisha Ntambi akaenda kwenye kaburi la Benedikito, akaanza kuukata mtuba.

Hapo Felesta akatoka ndani. Hakujifunika. Alitoka kichwa wazi, macho mbele, akamwendea mkwewe moja kwa moja.

Mtu mmoja akapiga ukelele wa onyo. Ssegujja aligeuka nusu, akaona pindo la gomesi, na panga likamtoka mkononi. Alijitupa chini kifudifudi, uso akauzika kwenye majani makavu ya migomba, mikono kisogoni. Jitu zima lile, lenye kifua kile. Mama mkwe akasimama juu yake.

"Inuka unikate," akamwambia. "Ukishindwa, basi nitazame."

Hakuweza hili wala lile. Alitambaa kinyumenyume, akavuta kanzu yake akajifunika kichwa, akainuka na kukimbia kama kipofu, akijigonga kwenye migomba aliyokuwa bado hajaikata. Ntambi ndiye aliyeanza kucheka. Kisha wote wakacheka, kicheko kibaya, na kicheko hicho kikawamaliza nguvu. Hakuna aliyekuwa na hamu ya kukata tena. Waliondoka wakimzomea kiongozi wao. Nusu ya shamba ilibaki imesimama, na mtuba ukabaki na kidonda kirefu kinachotoa maziwa. Felesta aliufunga kwa majani mabichi ya mgomba, kama unavyofungwa mti uliochunwa gome, kabla hata hajamgeukia Sebahire. Nilikasirika. Baadaye nilifahamu kwamba alikuwa hajui anachofanya.

Siku zilizofuata Ssegujja hakuonekana. Mkewe Nakitto, binti wa Felesta, alikuja kwa mama yake akilia, akasema mumewe hali, ameketi tu, mikono ameibana katikati ya magoti. Vijana walimwita msaliti. Wakasema alipanga mchezo na mama mkwe ili shamba lipone. Ntambi akawa ndiye mkubwa wao. Aliapa mbele ya watu kwamba siku ya kura hakuna atakayevuka kinamasi akiwa na miguu miwili. Kituo cha kura kilikuwa kwenye banda la mahakama, ng'ambo ya kinamasi, na njia ni moja tu, tuta la udongo jembamba lenye mafunjo kila upande.

Siku ya kura Felesta alifunga mshipi wa gomesi yake, akasali, akafungua mlango. Nje, katikati ya ua, palikuwa na mtu aliyempa mgongo, panga mkononi, anatazama njiani. Mtu huyo akakohoa.

Maneno aliyosema, Felesta alinieleza mwenyewe, na aliyarudia mara nyingi mpaka nikayajua kama sala. "Kura yako siitaki, mama. Ningeikuta ningeichana. Lakini njia utapita. Fuata mgongo wangu."

Felesta akajifunika kichwa kwa khanga, akamfuata.

Mimi niliwaona walipopita mbele ya gogo langu, maana banda langu liko pale tuta linapoanza. Watu walitoka milangoni. Mbele mwanamume, hageuki. Nyuma yake mbali kidogo mama mtu mzima, ameinamisha kichwa, anatazama visigino vya mkwewe. Hakuna aliyewasalimu. Nilichukua shoka langu la mifupa, nikatoka nyuma yao bila hakika ya nitakalofanya.

Katikati ya tuta Ntambi na wenzake waliibuka kutoka kwenye mafunjo, maji yanawachuruzika. Ntambi alikuwa anatabasamu.

"Unampeleka wapi adui wa Kabaka?"

"Nampeleka mama yangu," Ssegujja akasema. "Kaa pembeni."

"Mama yako? Mgeukie basi, tuone."

Wakacheka. Ssegujja hakusubiri kicheko kiishe. Pigo la kwanza lilimkata Ntambi mkono juu ya kiwiko, panga lake na mkono ulioshika vikaangukia majini pamoja. Wa pili akapigwa teke la tumbo, akatumbukia. Kisha wakamvamia wote, na tuta lilikuwa jembamba, na yeye hakutaka kurudi nyuma maana nyuma alikuwa Felesta. Mmoja alikuwa na mkuki wa kambare. Ulimwingia chini ya mbavu. Mwingine alimkata begani, pale shingo inapoanzia, nikaona damu inaruka kama ninavyoiona kila siku, nikajua ni mshipa gani. Ssegujja aliwakumbatia, akawabana kwa uzito wake mwenyewe dhidi ya mafunjo, tuta likabaki wazi.

"Pita, mama," alisema. "Usinitazame. Pita."

Felesta aliinua khanga akaziba uso, akapita. Gomesi yake ilimgusa mkwewe mguuni, na kwa desturi hilo peke yake ni msiba. Mimi nilifika wakati huo. Nilipiga, nikapigwa, bega hili la kushoto halinyanyuki vizuri tangu siku ile. Askari polisi walikuja mbio kutoka ng'ambo, walikokuwa wakililinda sanduku lisiibwe. Vijana walipoona kofia zao walijitosa majini.

Watu wanamlaumu Felesta mpaka leo kwamba hakusimama. Nilimwuliza, kwa ukali, maana nami nilikuwa nimekasirika. Akaniambia, "Njia ile aliifungua kwa damu, Abasi. Ningeiacha wazi bure?"

Basi alifika kwenye meza, pindo limelowa, na si kwa maji pekee. Karani akamwuliza jina lake. Akalitaja, lake mwenyewe, lote. Akapewa karatasi, akafanya alilofanya, akaitumbukiza sandukuni, akageuka na kurudi njia ileile.

Ssegujja alikuwa ameshakata roho, kichwa kikiwa kwenye paja langu. Nilikuwa nimemfunika uso kwa kanzu yake. Nakitto alishafika, analia chini matopeni, na watu wametuzunguka. Walipomwona Felesta anakuja wanawake wakapiga kelele ajifunike, ageuke, apite pembeni. Yeye akapiga magoti. Akaivuta kanzu taratibu, akamtazama. Alimtazama muda mrefu sana, paji la uso, masikio, mdomo uliobaki wazi kidogo.

"Kumbe ana mwanya," akasema. "Nakitto, hukuniambia ana mwanya."

Alimzika kwa kile kitambaa cha darini. Wazee wa ukoo wa Ssegujja walisema haifai, kitu cha mama mkwe kisiguse mwili wa mkwe. Felesta akawaambia wamtafute mwanamume wa kumsemea marehemu, kama yupo. Hawakumpata.

Mgombea wa eneo letu alishinda kwa kura chache ambazo ungezimaliza kuzihesabu kwenye karamu ya ubatizo. Alikwenda Entebbe na sisi hatukumwona. Ntambi alihukumiwa, akafungwa, akarudi na mkono mmoja, sasa anauza sigara stendi ya Masaka. Mwaka uliofuata mambo yakageuka, tukaambiwa kwa jina la Kabaka yuleyule kwamba sasa kila Mganda mwema ajiandikishe. Walewale waliochoma nyumba wakapanga foleni. Felesta hakwenda tena. Alisema ameshajibu.

Mikono yake ilianza kutetemeka mwaka huohuo. Chai humwagika kabla haijafika mdomoni. Watu wanasema ni mwiko, yeye mwenyewe anasema ni mwiko, na mimi nimeacha kubishana. Migomba imeota yote, mgomba haufi kwa panga. Mtuba una kovu.

Jumamosi nampelekea nyama mwenyewe, penye mafuta. Nikifika ukingoni nakohoa. Yeye huinuka akaingia chumba cha nyuma, ingawa mimi si mkwe wa mtu yeyote pale, nami naketi mbele kwenye mkeka, tunaongea bei ya kahawa.